Muhoro wa Baba Hauchomwi

Kamachumu, Muleba
3 Machi 2024

Kaka Evodius,

Huku tumeamka, Mungu apewe sifa zake. Mama miguu inamsumbua kama kawaida ya mvua, ila ulimi ni mzima: asubuhi hii kanigombeza kwa chumvi iliyozidi kwenye maharage. Wanafunzi wangu wa darasa la saba wanakusalimu. Tangu uapishwe kila mmoja anataka kuwa waziri, hata yule asiyeweza kuandika jina la wilaya yake. Nawaambia waanze na ubwana shamba kama ulivyoanza wewe pale Maruku, na ile pikipiki iliyokuwa inakohoa. Wanacheka, hawaamini. Dativa na watoto hawajambo?

Ulituagiza Krismasi kwamba mambo ya nyumbani yasipite kwenye simu, simu ya waziri ina masikio mengi. Haya, nimetii. Barua hii naishusha mwenyewe Bukoba, na Bashiri, yule wa bodaboda wa Kashai, ataikabidhi kwa dereva wa basi la Dodoma. Kwa hiyo naweza kusema bila kuzunguka. Migomba yetu inaumwa.

Imeanza pale juu, karibu na kaburi la Baba. Majani yamegeuka njano na kuning'inia. Mkungu umeiva kabla ya wakati. Nikamenya ndizi moja, ndani kahawia. Nikakata shina, likatoa usaha wa njano. Huna haja ya kuelezwa, wewe ndiye uliyepita nyumba kwa nyumba miaka ile ukitufundisha jina lake: mnyauko.

Na kaka, mgomba wa kwanza kuugua ni jirani wa ule uliomkatia Mama mkungu siku ya pili ya Krismasi. Wa pili ni ule uliouondolea majani ukipigwa picha. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Asubuhi ile ulizindua Operesheni Shamba Safi kwenye shamba bovu kule bondeni, ukaangusha mgomba mgonjwa kwa muhoro wa Baba, lile panga lake lililopinda la kupogolea, watu wakapiga makofi. Ukapanda gari na muhoro huo huo, ukaja nyumbani kukata mkungu wa mrithi, kama desturi inavyomtaka aliyeachiwa muhoro. Nikakuambia, kaka, ngoja tuuchome kwanza, ugonjwa ufie motoni. Ukasema muhoro wa Baba hauchomwi. Ni kweli Baba alikataza, alisema chuma cha kurithi kikipita motoni ukoo unapoa. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia Baba, akiwa hai, kwamba kama hataki moto basi aoshe kwa jiki. Jiki ilikuwa jikoni! Ukasema waandishi wana haraka, ukaingia shambani.

Sasa tufanye nini? Agizo lako linasema anayeona atoe taarifa, shamba ling'olewe, anayeficha ashitakiwe. Mama anasema tusubiri neno la mrithi. Projestus jirani yetu ameshaona. Unajua yeye ndiye anayetupogolea kila Jumamosi kwa panga lake tangu Baba afariki. Ananyamaza kwa heshima yako.

Usichelewe kujibu, waitu, ndugu yangu.

Mdogo wako,
Renatha


Dodoma
24 Machi 2024

Dada Renatha,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, isipokuwa Dativa ana mafua ya vumbi la Dodoma. Namtumia Mama blanketi na dawa ya kuchua miguu. Mwambie picha yetu tukiwa tumeushika ule mkungu nimeitundika ofisini, na kila mgeni anayeingia anaiulizia.

Kuhusu suala ulilolieleza. Ugonjwa huu una njia nyingi: nyuki, mbuzi, miche, vifaa vya kazi. Si busara kukimbilia hitimisho. Hii ndiyo fani yangu, nakueleza kitaalamu. Jiulize ni nani huingia na panga humo kila wiki, akitoka kwake na kurudi kwake. Simtaji mtu.

Nawaombeni mtulie hadi bajeti yangu ipite mwezi wa tano. Migomba iliyougua ikateni mmoja mmoja, mfukie, bila kelele. Wewe unaijua safari yangu. Nilitoka kwenye pikipiki ile unayoicheka, nikaambiwa ubunge ni wa watoto wa wakubwa, nikaupata. Nimekaa nyuma ya mawaziri wawili nikiwa naibu, nikiwabebea majibu ya maswali na kuwaona wanavyoondoka. Aliyenitangulia aliondoka kwa jambo dogo kuliko shamba la mama yake. Operesheni hii ndiyo jina langu. Ikifa, na mimi nimekwisha.

Barua hii uichome ukishaisoma.

Mhe. Evodius B. Karugendo


Kamachumu
26 Mei 2024

Mheshimiwa kaka,

Blanketi limefika, Mama anajifunika. Dawa nayo inanuka vizuri. Senene walitua kidogo wiki iliyopita, watoto wakakimbia na ndoo, tukala tukakukumbuka. Mwili wa Mama haujambo. Barua yako sijaichoma. Naona kwetu hakuna kinachochomwa.

Sasa nisikilize.

Siku ya Jumanne mtendaji wa kijiji alikuja na askari. Walipita mbele ya lango letu macho chini, kama watu waliopoteza sarafu, wakaenda moja kwa moja kwa Projestus. Shamba lake limeshapata ugonjwa, na limepata wapi kama si kwetu, kwa panga aliloingia nalo kutusaidia? Wakamwambia ameficha, amekaidi, ameambukiza majirani. Klaudia mkewe akauliza mbona kwa mama yake waziri hawaingii. Mtendaji akajibu agizo limetoka juu, wakamchukua Projestus. Kaka, juu yetu huku tunawajua wawili tu, Mungu na wewe. Nakuuliza kama mdogo wako: ulipiga simu?

Siku uliyosoma bajeti Mama alikaa karibu na redio tangu asubuhi. Alivaa kabisa, kana kwamba utamwona. Ukafika pale uliposema hata shamba la mama yako mzazi limevamiwa kwa sababu ya jirani mmoja mkaidi. Wabunge wakagonga meza. Mama akaizima redio. Akaniuliza, "Renatha, mkaidi ni nani?" Akasema, "Projestus aliyebeba jeneza la baba yenu?" Akaingia ndani, na chakula cha mchana hakula.

Wenye ukoo nao wamesimama upande wako. Wanasema Projestus alituonea wivu, ndiyo maana alikuwa anapogoa bure, nani siku hizi anafanya kazi bure? Nyumba yake imetengwa. Klaudia haazimwi chumvi, hapewi moto, akifika kisimani wenzake wanajitwika ndoo zao nusu na kuondoka. Mwanamke tuliyeimba naye kwaya!

Nilikwenda kwa bwana shamba wa kata nikamweleza habari ya muhoro yote. Alinitazama akasema, "Mwalimu, sijakusikia, na wewe hukuja hapa. Nina watoto." Nikataka kusema kanisani, Mama akanikataza. Anasema neno hili si la binti wala la mjane, ni la mrithi. Aliyeshika muhoro ndiye aseme muhoro umefanya nini.

Mama hakuombi blanketi. Anaomba sentensi moja: Projestus hana kosa, chuma kilikuwa changu. Sema kwa simu, kwa barua, kwa redio hiyo hiyo, popote. Mtu yuko mahabusu na presha yake.

Renatha


Dodoma
30 Juni 2024

Dada Renatha,

Samahani kwa kuchelewa, Bunge limetubana. Bajeti imepita, Mungu ni mwema. Nimepewa pongezi na watu ambao sikutegemea wanajua hata jina langu. Mwambie Mama. Nimemtumia sukari, mchele na redio mpya inayotumia jua, ile ya zamani inakwaruza.

Sheria ina mkondo wake, na waziri akiuingilia ataulizwa kwa nini. Nadhani wewe kama mwalimu unalielewa hilo. Ninajua mna uchungu. Tuombeane.

Watoto wamefanya vizuri mitihani.

Mhe. E. B. Karugendo


Kamachumu
18 Agosti 2024

Evodius,

Mama anaishi. Mimi naishi. Mchele umeliwa, redio iko kwenye boksi lake.

Projestus amekufa.

Walimpa dhamana mwanzoni mwa mwezi, Bashiri akaenda kumchukua Bukoba kwa pikipiki, akamfunga kiunoni kwa kanga ili asidondoke. Alikuwa amevimba miguu na uso. Alipofika alikuta shamba lake limeng'olewa lote, kahawa imebaki imesimama peke yake juani. Alikaa barazani akitazama kwetu, kwa sababu kwetu migomba bado ipo. Operesheni yako haijafika kwa mama yako. Baada ya siku chache hakuamka.

Klaudia alipiga yowe la msiba. Kaka, wewe umezaliwa huku, unajua yowe likipigwa hata anayekunya hukatisha. Safari hii milango ilifungwa. Niliwaona watu wazima wakijifanya wanaanika kahawa. Hakuna aliyekuja na jembe. Hakuna aliyekuja na nyasi za kuwatandikia wafiwa.

Mama akaniambia, "Nipe mundu." Akaenda mwenyewe bondeni na miguu yake ile, akakata nyasi, akajitwika. Nilitaka kumpokea akakataa. Akavuka mbele ya macho ya ukoo wote, akaingia kwa Klaudia, akatandika sakafuni, akaketi. Walikaa wawili tu, mjane wa Baba na mjane wa Projestus, wanalia. Mimi nilikuwa jikoni nikichemsha maji na sikujua ni ya nini. Kaburi lilichimbwa na Bashiri na wenzake wawili wa pikipiki kutoka Kashai, Waislamu watupu, na katekista akasoma sala. Bashiri aliniuliza kama huku kwetu ndivyo tunavyozika. Niliona aibu, nikamwambia ndiyo.

Projestus amekufa akiitwa mkaidi. Watoto wake wataitwa watoto wa mkaidi. Hakuna anayeweza kumrudishia pumzi, lakini jina linarudishika, na ni wewe tu. Bado Mama anasubiri. Usinitumie sukari.

Renatha


Dodoma
2 Oktoba 2024

Mpendwa Renatha,

Pokea salamu zangu. Nadhani mmeshasikia. Mimi mwenyewe nilisikia kama nyinyi, kwenye taarifa ya habari, nikiwa na kijiko cha supu mkononi. Walisoma majina, wakafika wizara yangu, wakasoma jina la mwingine. Dativa alidhani wamekosea. Kesho yake walikuja kuchukua gari na simu za serikali. Dereva wangu, niliyemwombea kazi mwenyewe, hakushuka kuniaga.

Hakuna aliyeniambia sababu. Wapo wanaosema operesheni ilileta malalamiko mengi. Wengine wanasema sikukosa lolote, ni zamu tu. Waliokuwa wanajaa sebuleni kwangu kila Jumapili hawapiti hata barabara hii.

Nimechoka, Renatha. Nataka kuja nyumbani Desemba, nikae, ninywe kahawa ya Mama, nipogoe migomba kama zamani. Niandalie wazee wa ukoo niwasalimie rasmi. Uchaguzi ni mwakani, jimbo bado ni langu, na mtu huanzia kwao. Uniwekee muhoro mahali pake.

Nilisikia habari za jirani. Poleni.

Kaka yako,
Evodius


Kamachumu
10 Novemba 2024

Kaka Evodius,

Safari hii sina salamu za Mama.

Barua yako nilimsomea yote. Alisikitika kweli, usidhani alifurahi. Alisema, "Mwanangu wamemwaibisha mbele ya watu," akafuta machozi. Nilipofika pale uliposema poleni, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasubiri, akauliza, "Ndiyo basi?" Nikamwambia ndiyo basi, baada ya hapo ni jina lako.

Wiki iliyofuata palikuwa na mkutano wa kijiji. Mama akaniambia nimshike mkono. Alipopewa nafasi akasimama, muhoro uko mkononi ameufunga kwa kitenge, akaufungua. Akasema, "Mnaujua huu. Huu ndio ulioangusha mgomba mgonjwa bondeni na kuja kukata kwangu bila kuoshwa. Mliokuwepo mliona. Projestus alikuja kunisaidia akaubeba ugonjwa wangu kwake. Mrithi wangu hakusema, nimesema mimi niliyemzaa." Akaketi.

Hakuna aliyebisha. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Wote walikuwepo siku ile, walikupigia makofi, waliona kwa macho yao jinsi ulivyotupa muhoro kwenye gari ukiwa bado na usaha wa mgomba. Walikuwa wanajua. Mtendaji akasema tuendelee na ajenda ya barabara.

Tangu siku hiyo ikawa zamu yetu. Wengine walituchukia kwa sababu tumelidhalilisha jina lako, na wewe ndiye uliyetuletea lami. Wengi, nadhani, waliona haya tu, na mtu mwenye haya hakai karibu na anayemkumbusha. Mama hakuwajali. Aliita vibarua wa kutoka mbali, akasimama juani siku nzima akiwaonyesha, mgomba hadi mgomba, hata ile ya kaburini kwa Baba. Kibanja chote, shamba letu zima la migomba, kimelazwa chini. Ukisimama mlangoni sasa unaona hadi kwa Klaudia, hakuna cha kuzuia.

Jioni yake aliniambia niwashe moto uani. Akautia muhoro wa Baba. Nilishtuka, nikasema, "Mama, hauchomwi huo!" Akanijibu, "Ukoo umeshapoa, Renatha. Tuuchome sasa angalau usiue tena." Mpini uliungua, chuma kikabaki chekundu kisha cheusi.

Alilala siku hiyo akiwa na homa na haikumwacha. Alifariki Ijumaa ya Watakatifu Wote. Hilo unalijua, Dativa aliniambia ulisikia. Aliniambia ulikaa ukiwa umevaa viatu, begi mlangoni, kisha ukaingia chumbani ukafunga. Sikumuuliza kwa nini. Mrithi ndiye anayesema kaburini, na wewe ungesema nini? Tulimweka siku moja tukikungoja. Wazee walitaka tuendelee kukungoja. Nikakataa.

Nilipiga yowe mwenyewe. Milango ikafungwa, kama kwa Projestus, nikajua nitamzika Mama na Bashiri na wale wenzake, nao wakaja, Mungu awabariki. Nikiwa nimekaa sakafuni kwenye saruji tupu nikamwona mtu anakuja, anapita katikati ya visiki, ana mzigo kichwani. Klaudia. Alikata nyasi, kaka. Akatandika nyumba nzima, akaniinua, akaniketisha juu ya nyasi, akaketi kando yangu akaanza kulia kilio cha Mama. Sijawahi kulia hivyo tangu nizaliwe. Baadaye wanawake wawili watatu wa kwaya waliingia wakiwa wameinamisha vichwa. Sikuwafukuza.

Chuma cha muhoro nimempa Klaudia. Ametia mpini mpya. Ardhi ikishapumzika atapanda miche safi kwake, na Jumamosi atakuja kunisaidia kwetu. Anasema kila akimaliza mstari atauchoma muhoro.

Uje. Sikukatazi, hapa ni kwenu na kaburi la Mama halijawekewa msalaba, nimekuachia hilo. Wazee sitakuandalia. Kwa desturi anayekosa mazishi huketishwa kwenye nyasi kabla hajapewa maji, nami sina nyasi, zilizopo ni za Klaudia. Nimemwomba, amekubali kukutandikia.

Anasema kabla hujaketi atakuuliza mbele ya watoto wake mume wake alikosa nini. Nimemwahidi sitakusaidia kujibu.

Renatha